Asilimia 35: msimu wa besiboli wa kijana wangu Ohio

Siku kocha alipopiga simu kusema anamtaka kijana wangu, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani, hata viatu sijavua. Niliposikia neno skolashipu sikusubiri maelezo yaishe. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshaandika kwenye grupu la ukoo kwamba mtoto anasomeshwa bure chuo kikuu Marekani kwa sababu ya besiboli. Tanga wakapiga vigelegele, shangazi zake wakatuma dua kwa sauti, mama yangu akalia. Wiki mbili hazijaisha, ndugu wawili wakanitafuta faragha. Mmoja alikuwa na ada ya mtoto, mwingine alikuwa anapaua nyumba. Wote walikuwa na hoja moja: mzigo wa chuo si umeshakutoka?

Barua ilipofika, ilisema asilimia 35.

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu tuliokuja huku tukiwa tunajua Simba na Yanga tu, watoto wetu wakakulia kwenye mchezo ambao hatukuwahi kuushika. Mimi naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na tano sasa. Nimebeba boksi karibu muda wote huo. Kijana ni mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Chuo chake sitakitaja. Kinacheza Mid-American Conference, watu huiita MAC, ambayo ni konferensi, yaani ligi ya vyuo, na timu zake nyingi ziko Ohio, Michigan na Indiana.

Nianze na hesabu ya pesa, maana hapo ndipo nilipokosea kwanza na ndipo kosa lilipokaa muda mrefu zaidi.

Kijana alipoingia chuoni, kanuni ya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, ilikuwa kwamba timu nzima ya besiboli ina skolashipu 11.7. Ni kumi na moja na nukta saba, kwa timu yenye vijana zaidi ya thelathini. Kocha alikuwa anazigawa vipande vipande, kwa wachezaji wasiozidi 27. Timu kubwa za futiboli ya Kimarekani zilikuwa na skolashipu kamili 85, kwa hiyo ukisikia mtoto wa jirani kapata chuo bure kwa futiboli, usidhani na wako wa besiboli atapata hivyo hivyo. Gharama yetu kwa mwaka, ada, chumba na chakula, ilikuwa kama dola 27,000. Asilimia 35 ilitoa dola 9,450. Zilizobaki, zaidi ya 17,000, zilikuwa zangu na za mama yake, naye anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee usiku na mchana.

Kanuni hizo zimebadilika. Baada ya shauri la House, ambalo wachezaji waliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kumalizwa mahakamani Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaruhusiwa kumpa kila mchezaji skolashipu kamili, ila orodha ya timu isizidi wachezaji 34. Kuruhusiwa si kuwa na pesa. Vyuo vya ukubwa wa chetu bado vinagawa vipande, na ule ukomo wa 34 una maana nafasi za mtoto anayechelewa kukomaa zimepungua. Kwa hiyo kocha akisema "tunampa skolashipu", muulize palepale: asilimia ngapi, ya nini, ada peke yake au na chumba na chakula, na ni ya mwaka mmoja au zaidi? Yetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Chuo hutakiwa kukujulisha kwa maandishi kufikia Julai 1 kama kinaendelea nayo. Mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo. Niliona aibu, kana kwamba kuuliza ni kukosa shukrani.

Jambo lililotuokoa ni madarasa. Pesa za kufaulu masomo hazikuhesabiwa kwenye zile 11.7, na makocha wengi hufurahi mno kupata mtoto mwenye alama nzuri kwa sababu chuo kinamlipia kwa mfuko mwingine. Mwaka wa kwanza hatukulijua hilo na hatukuomba. Mwaka wa pili aliomba, akapata dola 4,000. Tukajaza pia fomu ya msaada wa serikali, FAFSA, ambayo hasa ni ya raia na wenye kadi ya kijani. Mtoto aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hawezi kuitumia, na huyo awe mwangalifu pia na pesa za matangazo ya jina lake ambazo wenzake watakuwa wanapokea, maana kwake zinaweza kugusa viza. Azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajasaini kitu.

Pesa nyingine nilizozitupa zilikuwa za kabla ya chuo. Mchezaji wa sekondari huku haonwi sana akiwa na timu ya shule. Huonwa majira ya joto, kwenye timu za kusafiri ambazo mzazi hulipia kila kitu. Tulilipa dola 2,800 kwa msimu mmoja, hoteli na mafuta mbali. Halafu kampuni moja ikatuuzia siku ya maonyesho ya vipaji mwezi Desemba, ndani ya ukumbi, kwa ahadi kwamba makocha wa vyuo watakuwepo. Nililipa dola 450. Tulifika, hakuna kocha hata mmoja wa Divisheni ya Kwanza. Baadaye nikajua kuwa NCAA ina kalenda, na Desemba makocha hao hawaruhusiwi kutoka nje ya chuo kwenda kutazama wachezaji. Kalenda hiyo iko wazi kwa kila mtu. Ningeisoma dakika tano tu, ningeokoa pesa na siku nzima ya mtoto.

Sasa msimu wenyewe. Nitausimulia wa mwaka wake wa pili, maana wa kwanza alikaa benchi karibu wote.

Mechi ni 56, kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Mei. Februari Ohio ni theluji, kwa hiyo timu za kaskazini hushuka kusini wiki baada ya wiki, zinacheza ugenini kwa wenyeji ambao wamekuwa wakifanya mazoezi nje tangu Januari. Hapo utapigwa. Tulikwenda South Carolina, mimi nikiendesha peke yangu kwa muda wa saa kumi hivi baada ya zamu, nikafika asubuhi ya Ijumaa. Mechi tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kijana aliitwa kupasha mkono Ijumaa, akarushiana na mdakaji pembeni dakika ishirini, akakaa. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili hivyo hivyo. Hakuingia hata mara moja, na timu ilipoteza zote tatu.

Jumatatu nikampigia kocha. Nilikuwa na usingizi na hasira, na nilisema maneno ambayo baba anayasema akiona mwanawe anaonewa. Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba habari za nani anacheza huzungumza na wachezaji, si na wazazi. Kijana hakunipigia simu kwa siku kumi na mbili. Alipopiga alisema, "Baba, wenzangu wote wanajua ulipiga." Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na sijawahi kupiga tena. Kama una jambo la afya au la pesa, piga. La nafasi ya kucheza, mwache mtoto aingie ofisini mwenyewe, akaulize, "Kocha, nifanye nini ili niingie?" Alipokwenda mwenyewe alipata jibu ambalo mimi nisingelipata: mpira wake wa pili, ule unaopinda, alikuwa hawezi kuudhibiti akiwa nyuma ya hesabu, yaani mipira yake mibaya imeshazidi mizuri kwa mpigaji huyo. Alikuwa na kitu cha kufanyia kazi. Kufikia mwisho wa Machi alikuwa anaingia mechi za Jumanne.

Nilichojifunza mimi mwenyewe nilikipata kwa mzee mmoja, babu wa mchezaji mwingine, aliyekaa kando yangu uwanjani na daftari la mistari na penseli. Nilimwuliza anaandika nini. Akanisogezea daftari. Kila mchezaji uwanjani ana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza, 3, hivyo hadi 9. Ukiona ameandika 6-4-3, ni mpira uliookotwa na wa sita, akampa wa nne, akampa wa tatu, na wawili wametoka kwa mpigo mmoja. Mpigaji akitolewa kwa kukosa mara tatu, ni herufi K. Akitolewa amesimama tu anautazama mpira wa mwisho ukipita, K hiyo huandikwa kinyume, imegeuza mgongo. Nilinunua daftari langu duka la vifaa vya michezo, dola 8. Tangu siku ile nikawa naona. Mwanzo nilikuwa naona vijana wamesimama kwa saa tatu. Sasa nikawa naona kwamba mrushaji wetu ametupa mipira 85, kwamba mpigaji wao wa nne ameshaonyeshwa mpira unaopinda mara mbili, na kwamba kocha akimtazama kijana wangu kwenye inningi ya saba, yaani zamu ya saba ya kupiga kwa kila timu, ana sababu. Mzazi mgeni, nunua daftari hilo kabla hujanunua jezi ya timu.

Yule mzee ndiye aliyenifahamisha pia maana ya konferensi. Mimi nilikuwa nahesabu mechi zote 56 sawasawa. Akasema hapana, zile za Februari ni za kujipima na kutafuta fedha za safari, zetu zinaanza Machi. Kwenye MAC msimu wetu ulikuwa na mechi 30, tatu tatu, wikiendi kumi. Mrushaji bora huanza Ijumaa, na "wa Ijumaa" ni cheo kabisa. Anayefuata Jumamosi, wa tatu Jumapili. Za katikati ya wiki huachiwa wadogo na wanaotafuta nafasi. Ukijua mwanao anaanza siku gani, umeshajua kocha anamwonaje bila kumwuliza mtu.

Na konferensi kama yetu haifanani na zile kubwa. Mashindano ya taifa yana timu 64. Bingwa wa kila konferensi huingia moja kwa moja, nyingine huchaguliwa na kamati. Mwaka 2025 SEC peke yake, ile ya vyuo vikubwa vya kusini, iliingiza timu 13. Sisi mara nyingi ni moja tu, bingwa wa mashindano ya Mei. Kwa hiyo timu inaweza kushinda vizuri miezi mitatu, ikapoteza siku mbili za Mei, ikaenda nyumbani. Kent State walitokea MAC wakafika Omaha, Nebraska, 2012, kwenye timu nane za mwisho. Huku kwetu watu bado wanalisimulia kana kwamba ni la juzi. Na Bowling Green, wenzetu wa MAC, mwaka 2020, chuo kilitangaza kuifuta kabisa timu ya besiboli. Wahitimu wakafanya mchango wa dola milioni 1.5 na timu ikarudishwa ndani ya wiki chache. Nilipolisikia hilo, niliongeza swali kwenye orodha yangu ya kumwuliza kocha: timu hii inategemea fedha gani?

Aprili ndiyo ilikuwa ngumu. Mvua na theluji ya mwisho huahirisha mechi, halafu zinarundikwa mbili siku moja. Jumamosi moja Michigan tulikaa uwanjani kwa saa saba, baridi ya nyuzi chache tu juu ya kuganda, nikiwa na blanketi la mwanangu la utotoni magotini. Kijana alikuwa amerusha Jumanne. Akaingia Jumamosi mechi ya pili. Akaingia tena Jumapili, inningi mbili, akawatoa watu sita. Nilifurahi hata nikasahau baridi. Kwenye daftari langu nilichora K tatu, moja imegeuza mgongo.

Jumapili iliyofuata walicheza karibu, akaja nyumbani jioni. Mama yake alipika wali wa nazi na samaki. Tukakaa. Kijana akashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani kwetu mtu hali kwa kushoto. Amelelewa hivyo tangu anatambaa, na hata rafiki zake Wazungu wakija wanajua. Mama yake akaweka sahani chini, akamtazama, akasema, "Mwanangu, huo wa kulia una nini?" Akasema hamna kitu. Mama yake akasema, "Ule." Akajaribu kukunja kiwiko kufikisha kijiko mdomoni, na machozi yakamtoka mtu mzima wa miaka ishirini.

Alikuwa na maumivu wiki tatu. Hakumwambia mganga wa timu wala kocha, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuitwa, na kwa sababu, hili alilisema baadaye akiwa na mama yake tu, baba alikuwa ameshatangaza kwa ukoo mzima. Warushaji hukata kano ya ndani ya kiwiko. Upasuaji wake unaitwa Tommy John, jina la mrushaji aliyefanyiwa kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, na kupona huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Picha ya kiwiko ilionyesha kano imevutika, haijakatika. Daktari akasema tumshukuru Mungu na huyo aliyepika wali. Mapumziko wiki sita, msimu wake umekwisha.

Pale nako kuna pesa. Nilidhani chuo kinalipa kila kitu. Kumbe bima ya familia ndiyo iliyoanza, ya chuo ikafuata kwa yaliyobaki, na sisi hatukuwapa hospitali namba ya bima ya chuo mapema. Bili ya dola 640 ikaja kwa jina langu, nikaihangaikia miezi miwili hadi ikafutwa. Mwanzoni mwa mwaka, omba karatasi inayoeleza bima ipi inatangulia, uiweke kwenye simu yako na ya mtoto. Na mwulize mwanao habari za mkono kwa maswali ambayo hawezi kuyajibu "poa". Mimi siku hizi namwuliza: leo umelalia ubavu gani? Chupa umefungua kwa mkono upi?

Tuliingia mashindano ya konferensi kwa tundu la sindano, wikiendi ya mwisho kabisa. Yalichezwa Avon, karibu na Cleveland, saa mbili na ushee kutoka kwangu. Ukipoteza mara mbili umetoka. Tulipoteza ya kwanza, tukashinda ya pili, tukapoteza ya tatu. Nilibadilishana zamu na Mkongo mmoja wa kazini ili nizione zote. Kijana alikuwa benchi, amevaa jezi, ameshika ubao wa karatasi anaandika kila mpira unaorushwa: aina yake, mwendo wake, umepita wapi. Hiyo ndiyo kazi waliyompa. Mimi juu na daftari langu, yeye chini na ubao wake. Kwenye inningi ya tano aligeuka akanitafuta kwa macho, akainua vidole: mipira sabini na mbili. Nikahesabu yangu. Sabini na moja. Nilikuwa nimekosa mmoja.

Wiki iliyofuata kila mchezaji aliingia ofisini kwa kocha, mmoja mmoja. Huo ndio mkutano wa kuogopwa kuliko mechi yoyote, maana wapo wanaoambiwa watafute chuo kingine, na dirisha la uhamisho hufunguliwa msimu ukiisha. Vijana sita waliambiwa hivyo. Wangu aliambiwa abaki, apone, asilimia ileile. Barua ikafika kabla ya Julai 1, na safari hii niliisoma mstari kwa mstari, mimi na mama yake, mezani, na kikokotoo.

Usiku ule nikaandika kwenye grupu la ukoo. Nikasema mtoto hasomeshwi bure, hakuwahi kusomeshwa bure, anapata asilimia 35 na sisi tunalipa iliyobaki, na kwamba mimi ndiye niliyesema vibaya, si yeye. Nikawaomba radhi wale ndugu wawili niliowajibu kwa kukwepa. Grupu likanyamaza kama dakika kumi. Dada yangu mkubwa akaandika, "Sasa si ungesema tangu mwanzo, tungekusaidia." Yule wa bati akaandika, "Pole kaka."

Mama hakuandika kitu. Akapiga. Kule ilikuwa bado alfajiri, jogoo wanasikika nyuma yake. Nikamwamkia, akaitika, nikaanza kumweleza habari za asilimia. Akanikatiza.

"Na mkono wake?"

Nikamwambia ameanza kurusha tena, taratibu, hatua thelathini tu, mara tatu kwa wiki.

"Anakula kwa kulia?"

"Anakula kwa kulia, mama."